Sensa ya Kilomita Kumi na Mbili

Ambakisye amekufa, na kwa hiyo nimebaki peke yangu ninayejua kwamba mwezi wa tatu mwaka ule sifuri haikupimwa. Ndivyo nilivyojiambia simu ilipokatika, nikiwa nimesimama shambani kwangu Igowole na jembe mkononi, ukungu bado umelalia mashamba ya chai ng'ambo ya barabara. Aliyepiga alikuwa mkewe. "Wifi," alisema, "kaka yako ametutoka." Nikampa pole, nikauliza maziko ni lini, nikajibu kama mtu mzima anavyopaswa kujibu, halafu nikakaa juu ya tuta la viazi nililokuwa nalipalilia, nikalia mpaka mbwa wa jirani akaja kunitazama. Mimi si mwepesi wa kulia. Hapa kijijini wananisema nina roho ngumu, na waseme, midomo ni yao. Lakini acha niseme ukweli mapema, maana nimechelewa mno kuusema: sikuwa namlilia yeye tu. Ndani ya kilio kile kulikuwa na kitu kama nafuu. Shahidi wangu alikuwa ameondoka, na nilijichukia kwa kulifikiri hilo kabla hata sijafuta machozi.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti kipya cha ufundi, na chumba kimoja Uyole, nyuma ya mashine ya kusaga. Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba niliyojenga kwa mikono yangu. Kitanda cha futi tatu na nusu, ndoo mbili, jiko la mchina, na dirisha lililotazama magunia ya watu. Asubuhi mashine ikiwashwa ukuta ulitetemeka, unga ukapenya chini ya mlango, na kila nilichokuwa nacho kikawa cheupe: kandambili, Biblia, blanketi. Upande wa pili wa ukuta alikaa Neema, fundi cherehani, aliyekuwa akichumbiwa na dereva wa malori ya mpakani. Ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo uchumba ule tulichumbiwa wote wawili. "Wewe kama hutaki sema," nilimsikia akimfokea yule bwana, "mimi siyo kiazi nikae guniani nikisubiri soko lipande." Nilikuwa nalala nikicheka peke yangu. Sijui kama nimewahi tena kuwa na furaha nyepesi namna ile, na ndiyo maana inaniuma kwamba Neema na harusi yake ni sehemu ya hadithi hii.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa inajenga barabara ya kupanda milimani, na wajenzi wa barabara hawana muda na majina ya watu. Kwao kila mahali ni kilomita. Wenyeji walikuwa na jina la kilima chao tangu enzi za mababu. Sisi tulikiita Kilomita Kumi na Mbili. Pale barabara ilikatiza ubavu wa mlima wenye udongo mlaini, ikabidi lijazwe tuta kubwa la kuibeba, na injinia hakuuamini ule udongo. Basi kabla ya kujaza tulichimba mtaro, tukalaza ndani yake bomba la plastiki kuanzia upande wa mlimani mpaka ukingo wa chini, na ndani ya bomba tukasukuma fito za chuma zilizoungana kama mnyororo, kila ufito na sensa yake. Ndivyo tulivyoziita, sensa. Hakuna aliyekuwa na pumzi ya kusema vihisi. Sensa hizo zinajua jambo moja tu, kuinama. Ardhi ikididimia, ufito unainama, sensa inatoa taarifa kwa waya, na kompyuta inajumlisha maelezo ya fito zote, mmoja baada ya mwingine, mpaka uone kwenye kioo mstari wa bomba zima: hapa pamezama, hapa pako vilevile. Kazi yangu ilikuwa kwenda kila wiki kwenye kisanduku kilichofungwa chini kando ya barabara, kuchukua namba, na kuchora ule mstari.

Ila kujumlisha kunataka mahali pa kuanzia. Sisi tulianzia upande wa mlimani, mahali bomba lilipoishia kwenye chemba ya zege yenye kifuniko, na pale tukapaita sifuri. Kompyuta iliamini kwamba sifuri haisogei. Ni kama mtu anayepima ua wake kwa hatua akianzia mlangoni: ikiwa mlango wenyewe umehama, hesabu yote ni uongo na mwenyewe hana habari. Kwa sababu hiyo kila mwezi ilibidi watu wawili wapande kwa miguu mpaka kwenye jabali lililokuwa juu ya kilima, lenye alama ya chuma, wasimamishe leveli, ile darubini ya miguu mitatu, na mmoja ashike stafu, ile rula ndefu ya wapima, kwanza juu ya jabali halafu juu ya chemba, ili wajue kwa hakika kama sifuri bado ipo ilipokuwa. Kupanda kule kulikuwa ni saa nzima ya matope. Watu hao wawili tulikuwa mimi na Ambakisye.

Ambakisye alikuwa mpima wetu, Mnyakyusa wa Tukuyu, amenizidi kama miaka kumi, mtu wa maneno machache na mafundo mengi. Hakuamini zipu wala vifungo. Mfuko wa stafu, miguu ya leveli, hata kasha la chakula chake, vyote alivifunga kwa kamba na kwa fundo moja la ajabu alilofundishwa na baba yake la kufungia ng'ombe, ambalo mimi sikuwahi kujua kulifunga hata aliponionyesha mara nyingi. "Sensa zinajua kuinama tu, mdogo wangu," aliniambia siku ya kwanza. "Hazijui zimesimama wapi. Hiyo ni kazi ya miguu yako." Nilimwona mshamba kidogo. Nilikuwa nimetoka chuoni na kompyuta nilikuwa naijua kuliko yeye.

Chemba ya sifuri ilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Tusekile, hatua ishirini hivi kutoka jikoni kwake. Alikuwa mjane, mwembamba, na sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili. Siku tunamimina zege alikuja akasimama na ungo mkononi. "Mnafukia nini nyuma ya nyumba yangu?" Nikamwambia, "Tunafunga sensa, Mama." Akashangaa kweli. "Sensa tena? Si walipita juzi hapa wakaandika mlango wangu kwa chaki? Haya, andika. Tupo wawili, mimi na Tusekile. Na mbwa, kama siku hizi mnahesabu na mbwa." Ambakisye alicheka mpaka akaangusha futi. Mimi nikajifanya mwalimu, nikamweleza yote, bomba, fito, kuinama. Alisikiliza mpaka mwisho, akapepeta mchele wake, akasema, "Kumbe ni sensa ya udongo. Sasa mimi naishi juu ya huo udongo, kwa hiyo nimo." Tangu siku hiyo kila tulipopanda alianza na hilo kabla hata ya salamu: "Nimo kwenye sensa yako?" Nami nilijibu, "Umo, Mama." "Basi njoo ule."

Na tulikula, jamani. Jiko lake lilikuwa na moshi wa kukutoa machozi, kuta nyeusi, viti viwili vya chini na gogo moja, na kwenye moto kulikuwa na ndizi na maharage siku zote, au magimbi, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alinifundisha kusema mwagona asubuhi, mimi nikamfundisha kamwene, salamu ya kwetu, naye akaitamka kama anamfukuza kuku. Alipojua mimi ni Mhehe, kabila linalotaniwa kwamba linakula mbwa, alimwita mbwa wake akamfungia ghalani. "Samahani mwanangu, siyo kwamba sikuamini, lakini huyu ni mbwa wangu wa pekee." Tusekile, bintiye, rika langu, alikuwa anauza viazi sokoni Uyole siku za soko na siku nyingine analima, alikuwa na ulimi kama wa mama yake. Mara mbili tatu Ambakisye alipokuwa kwenye leveli na mimi naandika, ni Tusekile aliyetushikia stafu, na aliishika vizuri, wima kabisa, hatikisiki. Nilikuwa na njaa ya nyumbani mwaka ule, ingawa nisingekubali ukiniuliza, na jiko lile ndilo lililonilisha.

Mvua zilianza, tuta lilikuwa limekamilika, na mwezi wa pili tulipopanda niliwasikia mama na binti wakigombana upande wa mbele wa nyumba. "Mlango huu nausukuma kwa bega," Tusekile alikuwa akisema, "utafikiri naingia kwa mume aliyenichoka." Mama akamjibu kwamba ni mvua, mbao zimekunywa maji, fundi atakuja apige randa. "Fundi kapiga randa mara mbili! Na mbona juu kumeachia pengo na chini ndiyo kumekwama?" Mimi nilikuwa jikoni, nimejaza ndizi mdomoni, nikacheka lile neno la mume. Nilikuwa fundi mwenye cheti, nimefunga sensa zenye kuhisi unywele wa kuinama, na mwanamke muuza viazi alikuwa ananisomea kipimo kwa sauti kupitia ukuta, mimi nacheka. Siku hiyo Ambakisye alipata kwamba sifuri imeshuka milimita mbili. Ni kidogo, leveli yenyewe inaweza kukosea kiasi hicho. Lakini aliizungushia duara daftarini. "Mwezi ujao tuiangalie vizuri," akasema.

Mwezi uliofuata baba yake alifariki, akaenda Tukuyu kuzika. Kabla hajaondoka alikuja ofisini, kwenye lile kontena letu, akaniwekea mfuko wa stafu kwenye kona. "Ijumaa upande. Tusekile nimeshamwambia, atakushikia. Usiiache sifuri, mdogo wangu." Nikamwambia, nenda kazike kwa amani, kaka, mimi nipo. Na nilikuwa na nia, wallahi nilikuwa nayo. Ila Jumamosi ilikuwa sendoff ya Neema, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, mimi ndiye msindikizaji wake, na msusi aliyekuwa saluni jirani na mashine alisema ana nafasi Ijumaa tu. Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha ile mvua ya Mbeya isiyokuwa na haraka, nikasimama mlangoni nikatazama kule milimani kulikofungwa na mawingu, nikasema moyoni, mwezi uliopita milimita mbili, mwezi huu zitakuwa ngapi. Nikaenda saluni. Nilikaa kwenye kile kiti kuanzia saa tatu mpaka jioni, nasukwa rasta nyembamba, wanawake wanasengenya mume wa mtu, chai inapita, na sikumkumbuka Tusekile hata mara moja. Jumatatu nikachukua fomu ya mwezi, kwenye nafasi ya sifuri nikaandika namba ileile ya mwezi wa pili.

Injinia wetu alikuwa mtu mpole, anayekunywa chai yenye tangawizi kali, na hakuwa mjinga. Aliutazama mstari niliochora, akaita, "Oliva, hebu njoo. Hili tuta linaota?" Kweli, kwenye kioo tuta lilionekana limepanda, sehemu karibu yote, kidogo tu lakini limepanda. "Tuta siyo uyoga," akasema. "Sifuri imepimwa?" Wakati mwingine nikiwa nasubiri usingizi huwa nalirudia lile kontena: feni mezani, ramani zilizojikunja kwa unyevu, kikombe chake, na mimi nimesimama na rasta zangu mpya. Kulikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema hapana. Angenifokea, ningelia chooni, halafu tungepanda wote mchana uleule. "Imepimwa, Injinia." "Lini?" "Ijumaa." Akakuna kidevu. "Basi ni mvua. Udongo umevimba." Na mambo yakaishia hapo. Ambakisye aliporudi aliniuliza, "Ulipanda?" Nikamjibu, "Nilipanda, kaka." Akasaini fomu pasipo kuisoma mara ya pili, maana aliniamini.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukupanda wiki iliyofuata, kimyakimya, ukarekebisha? Nimejiuliza miaka yote. Nilitaka. Lakini peke yangu nisingeweza, ningehitaji mtu wa kushika stafu, na mtu huyo ni Tusekile, na Tusekile angeniuliza Ijumaa nilikuwa wapi. Ni hilo tu. Niliona haya kuulizwa swali moja na msichana wa rika langu. Wiki ya pili mstari ulipanda tena, wiki ya tatu tena, na mimi nikawa naandika pembeni, "mvua." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ya wiki tatu. Tuta halikuwa limepanda hata unywele. Lilikuwa limekaa, na sifuri ndiyo iliyokuwa inazama, pamoja na chemba, pamoja na jiko, pamoja na ghala la mbwa. Na kwa kuwa kompyuta iliamini sifuri haisogei, iliona dunia nzima iliyobaki ndiyo inayopanda.

Kilima kilishuka Jumamosi saa nne asubuhi. Tusekile alikuwa sokoni na viazi vyake. Majirani walisimulia kwamba hakikuporomoka kwa ghafla, kwanza nyufa zilifunguka migombani, mbwa akabweka kama kichaa, halafu nyumba ikaanza kulala upande taratibu, na watu wakakimbia wakiita, "Mama, toka! Toka nje!" Walimsikia akijibu. Alikuwa ndani, na mlango haukufunguka. Alipiga kwa bega, halafu wakasikia kitu kizito, labda mchi, kinagonga mbao. Kijana mmoja alifika mpaka uani akarudishwa na udongo miguuni. Kisha kila kitu kikaenda pamoja, nyumba, chemba, na nusu ya tuta letu, mpaka bondeni. Walimfukua Jumapili mchana, wakamkuta nyuma ya mlango. Nilikuwepo. Sitasema zaidi ya hapo juu ya jambo hilo, isipokuwa kwamba nilitazama kule juu ubavu ulipokuwa umemenyeka na kitu pekee kilichonijia ni sauti yake: nimo kwenye sensa yako? Umo, Mama, nilimwambia, mwezi baada ya mwezi. Na hakuwemo. Sensa zote zilikuwa kwenye tuta, na yeye alikuwa kwenye sifuri, mahali ambapo mimi ndiye niliyetakiwa kumhesabu kwa miguu yangu.

Kwenye msiba nilikaa na wanawake, nikamenya, nikaosha vyombo, nikabeba maji. Mama mmoja nisiyemfahamu alinishika kichwa wakati tumeinama kwenye sufuria. "Umependeza, mwanangu, nani kakusuka?" Nikamtajia jina la msusi na mahali alipo. Nilirudi chumbani kwangu, nikakaa kitandani nikazifumua zote, na toka siku hiyo nywele zangu ni fupi, na watu wanadhani ni ulokole. Jumanne yake, kwenye kontena, Ambakisye alikwenda kwenye kona kuchukua mfuko wa stafu kwa ajili ya wachunguzi. Aliinama, akaushika, akalitazama fundo. Akageuka nao mikononi. "Hili fundo ni langu," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema polepole tu, kama mtu anayesoma kipimo. Halafu akalifungua lile fundo mwenyewe, akautoa mfuko nje.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika siku mbili baadaye. Tuliitwa mmoja mmoja, lakini mlango wa kontena hauzuii maneno, na nilikuwa kwenye benchi nje. Nilisikia wakimwuliza nani alipima sifuri mwezi wa tatu. "Sahihi ni yangu," akajibu. Wakamwuliza kama ana uhakika alikuwepo, maana alikuwa kwenye msiba. "Sahihi ni yangu," akarudia. Mimi nilipoingia nilionyeshwa ile fomu, nikaulizwa kama nina la kuongeza. Nikasema sina. Hayo ndiyo maneno yangu yote kwenye kumbukumbu za kile kikao, ukizitafuta. Taarifa ilizungumzia mvua nyingi na uzembe wa mpima. Ambakisye aliachishwa kazi mwezi huohuo, na hakuna kampuni ya barabara iliyomchukua tena. Alimaliza maisha yake akipima viwanja vya watu kwa kamba. Mimi mkataba wangu ulikwisha salama, nikapata kazi nyingine, na nyingine, nikastaafu na cheti ukutani. Tulionana mara chache. Hakuligusa kamwe. Nilifikiri kwamba amesahau, au amenisamehe, na sikuuliza ni lipi.

Basi juzi nikafika kwenye msiba wake. Nyumba yake iko pembeni ya Uyole, ndogo, imepakwa chokaa, na kamba zake za kupimia zimetundikwa ukumbini kila moja na fundo lake. Nilisalimia wafiwa, nikajifunga kanga, nikaenda nyuma kwa wapishi kama ilivyo desturi. Kulikuwa na rundo la ndizi na wanawake watano wanamenya. Mmoja wao, mnene sasa, mvi zimechungulia kwenye kilemba, aliniangalia kwa muda, akanisogezea kisu. "Mhehe. Kaa hapa, usisimame bure." Alikuwa Tusekile. Nikakaa. Tulimenya kama nusu saa tukiongea habari za watoto, za magoti, za bei ya mbolea. Wenzetu walipokwenda kuteka maji nikaona kwamba nisiposema hapo sitasema tena. "Tusekile," nikaanza, "kuna jambo la zamani nataka kukuambia."

"Najua," akasema, kisu hakijasimama. "Ile Ijumaa nilikusubiri pale kwenye chemba. Kaka Ambakisye alinipanga, aliniambia utakuja saa tatu, nikushikie ile rula. Nikajitanda gunia la nailoni, nikasimama. Saa saba mama akaniita, ingia ndani, mwenzako atakuwa kachelewa na matope. Akakufunikia ndizi zako na bakuli. Jioni nikataka kuzila, akanikataza. Akasema ziache, atakuja kesho. Chakula chako kililala, dada, asubuhi tukampa mbwa." Alitupa ganda. "Mama alisema labda unaumwa, aje Uyole akuletee maziwa. Mimi ndiye niliyemzuia, kwa ile mvua."

Nilimwuliza kwa nini hakusema kwenye kile kikao. "Nani aliniuliza? Kwangu walikuja na karatasi moja tu, jina la marehemu na umri. Nilimwambia Kaka Ambakisye, kule makaburini. Nikamwambia, yule mwenzako hakuja. Akasema muache, bado mdogo, atasema mwenyewe." Akaangalia kule ndani kulikokuwa na jeneza. "Kila nikikutana naye sokoni namwuliza, kasema? Anajibu, bado." Nilikuwa nimeshika ndizi isiyomenywa, utomvu umenigandia vidoleni, na ndani ya nyumba waimbaji walikuwa wanaanza wimbo. Tusekile hakupandisha sauti. "Sasa nakuuliza lile ambalo mama alikuwa anataka kukuuliza. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasuka," nikasema.

Kisu chake kikasimama. "Zile ulizokuja nazo kumzika?"

"Zile."